Mpango Ulipitishwa Tukiwa Jikoni

Nilikwenda Iringa kwa hasira, na sioni aibu kusema. Mkwe wangu Tusa alimzaa mtoto wake wa kwanza kando ya barabara, dereva wa bodaboda amegeuza uso, mimi nimeshika kitenge kumsitiri. Sasa ana mimba nyingine, changa. Zahanati ya kijiji chetu, huku milimani juu ya Mbeya, haina chumba cha kujifungulia. Wanawake watano tumo kwenye kamati ya afya, na chumba tulikiomba. Rasimu ya mpango iliposomwa, namba moja ilikuwa uzio. Uzio! Wa kuzuia nini, mbuzi? Kikao cha mwisho, cha kuupitisha, kilipangwa Alhamisi inayofuata. Nikasikia kuna kijiji mbele kidogo ya Kalenga ambako wanawake walidai chumba wakapata. Nikafunga safari.

Jumatatu alfajiri basi liliondoka Mbeya kukiwa na ukungu. Jirani yangu wa kiti alinisimulia habari za viazi mpaka Makambako, nami nikamsimulia uzio.

Mafinga tulishuka kunywa chai. Baridi ilikuwa kali. Nilikuwa na daftari jipya, nikijua wenzetu wamepewa semina kubwa nami nitainakili yote.

Saa tisa alasiri nilifika kwa Mama Vaileti, katibu wa kamati yao.

"Kamwene, mama! Pole na safari."

Nikamweleza yote kabla hata sijanawa mikono. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Siku ya mpango mlikuwa wapi?"

"Tulikuwepo. Tumesaini mahudhurio."

"Saini nimesikia. Mlikuwa wapi?"

"Jikoni," nikasema.

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Nilitamani kuondoka. Kwetu wageni wa kata hawaondoki na njaa. Tunasaini mlangoni, tunakwenda kuchinja kuku, na tukirudi na sahani kila kitu kimeshaamuliwa.

"Sisi siku hiyo jiko haliwashwi," alisema. "Kila mtu anakuja ameshakula kwake. Mwanzoni wanaume walinuna sana, wakazoea."

"Na semina mlipewa na nani?"

"Semina ya nini, mama? Tulikaa tu."

Jumanne nilirudi, hasira imehamia kwangu mwenyewe. Nani alikuwa wa kwanza kupuliza moto siku ile? Mimi. Nani alijisifu kwamba pilau yake imewanyamazisha wageni? Mimi, mjinga mkubwa. Jioni ile ile niliwapitia wenzangu wanne, nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema tutaonekana hatuna adabu. Nikamwambia adabu hiyo ndiyo iliyomzalisha Tusa barabarani.

Alhamisi tulikaa benchi la mbele, wote watano. Saa tano mtendaji wa kijiji akakohoa. "Akina mama, muda unakwenda. Wageni watakula nini?"

"Mtendaji, naomba uandike kwanza chumba cha kujifungulia," nikasema. Sikuinuka.

Walibishana mpaka saa tisa. Matumbo yakanguruma, yetu pia. Chumba kikaandikwa namba moja, na safari hii tulisaini baada ya kusomewa. Mwenyekiti akanung'unika kwamba tumewatesa kwa njaa mpaka matumbo yanawauma.

"Pole, mwenyekiti," nikamwambia. "Kumbe mnajua kuumwa tumbo."