Pumzi Niliyopuliza Mbele ya Mke Wangu

Mke wangu aliketi kwenye benchi la ukutani, mkoba magotini, koti hajalivua. Ndivyo anavyoketi mtu ambaye hajaamua kama atakaa. Mimi nilikuwa mbele ya meza ya muuguzi, na mezani palikuwa na mashine ya kupulizia, ndogo tu ya kushikwa mkononi. Mama yangu mzazi alikuwa karibu na mlango, kitambaa kichwani, akiangalia kila kitu kama mtu aliyekuja kununua ng'ombe.

Makubaliano yalikuwa mepesi kuyasema. Binti yetu ana pumu. Alipolazwa tena, mke wangu alimtoa hospitalini moja kwa moja hadi kwao Kesses, akaniambia watarudi siku mashine itakaposema pumzi yangu ni safi. Mashine, si mimi. Viapo vyangu vilikuwa vimemchosha, kwa sababu kila nilipoapa harufu ilinisuta. Ndipo nikajiunga na utafiti wa kuacha sigara katika kliniki moja hapa Eldoret.

Kabla ya hapo nilidhani sina msimamo, basi. Daktari wa utafiti alinieleza kwamba nikotini hufika ubongoni upesi mno na kugonga pale panapotoa raha. Ubongo uliozoea hujiongezea milango ya kuipokea, na ukiacha kuvuta, milango yote inabaki wazi ikidai. Tulipewa gamu yenye nikotini lakini haina moshi, ili tuilishe hiyo milango kidogo kidogo mpaka ipungue. Walitaka kujua pia kama kupigiwa simu na mshauri kunasaidia. Nilitafuna hadi taya zikauma. Niliwachukia wanafunzi wangu, nilichukia chaki, nilimchukia jirani kwa kufagia tu. Lakini sikuvuta.

Asubuhi ya kupimwa, mama alikuwa amekwisha kuja kutoka Moiben na kibuyu chake. Mjukuu akirudi nyumbani lazima akute mursik, maziwa yetu ya kugandisha, inawekwa, na maziwa hayawi mursik kama kibuyu hakijasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wake maalumu. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ya kwetu mnaijua. Tukafunga mlango na dirisha la jikoni. Bega lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo mimi ndiye niliyeinamia jiko nikipuliza makaa, nikasugua kibuyu huku macho yakitoa machozi. Kisha nikaoga, nikapiga mswaki, nikavaa shati safi. Nilikuwa na furaha hata nikapiga mluzi.

Sasa muuguzi akaniambia nivute pumzi, niishikilie, kisha nipulize polepole. Nikapuliza. Taa ikawa nyekundu.

"Mwalimu, hii iko juu," akasema. "Umevuta leo asubuhi?"

"Sijavuta."

"Hata moja? Hapa hatuna kesi na mtu. Ni ukweli tu tunataka."

"Sister, sijavuta."

Nikapuliza tena. Nyekundu ileile. Nyuma yangu nikasikia zipu ya mkoba ikifungwa.

"Nilijua," mke wangu akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaanza kufoka kwamba mashine imeharibika. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikadai nipimwe mate, maana nilikuwa nimesikia kuna kipimo cha mate. Muuguzi akatikisa kichwa. "Mate yanaonyesha nikotini, Mwalimu, na wewe unatafuna gamu ya nikotini. Yatasema ndiyo hata kama hujagusa sigara."

Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunitetea duniani. Niliogopa kwelikweli. Nilimwona binti yangu akikulia Kesses, mimi nikienda kumsalimia Jumapili na kurudi peke yangu. Mke wangu alikuwa ameshasimama.

Muuguzi akatazama tena mashine, akaniuliza kama kulikuwa na moshi mwingine, jiko au gari, kwa sababu kinachopimwa ni gesi ya moshi wowote, si tumbaku peke yake. Kabla sijajibu, mama akadakia.

"Tulikuwa tunatengeneza kibuyu."

"Kibuyu?" Muuguzi ni mtu wa upande wa ziwa, si wa kwetu. Hakuelewa.

Mke wangu alielewa. Alikuwa ameshika kitasa, akageuka. "Mama, mlifunga mlango?"

"Si mvua ilikuwa inanyesha."

Mama akaja mezani bila kuitwa. "Lete hiyo kitu, na mimi nipulize." Muuguzi akabadilisha kipande cha mdomoni, akamwonyesha. Mama akapuliza kwa nguvu zake zote. Nyekundu.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeokoka."

Mke wangu alicheka, kisha akaketi akalia. Muuguzi akasema nirudi kesho kabla ya kuwasha jiko lolote. Mke wangu akafuta uso. "Kesho atarudi. Lakini, Mama, hicho kibuyu kitatengenezewa nje. Hata mvua ikinyesha. Huyo mtoto hana kifua cha moshi."

Mama hajawahi kuamriwa na mkamwana. Aliiangalia mashine kwa muda. "Sawa," akasema.

Tukatoka. Langoni mtu alikuwa amesimama kwenye kibanda akiwasha sigara, na nilitamani kumnyang'anya. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi nao ulitaka kuvutiwa sigara moja. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimeificha hamu hiyo au kuikana.

"Nataka sigara," nikamwambia mke wangu. "Sasa hivi."

Aliniangalia usoni, hakuninusa.

"Najua," akasema. "Tafuna gamu, twende Kesses tukamchukue mtoto."