Okidi Iliyokataa Udongo

Juzi nilikuwa Nairobi, nikasimama kando ya barabara pale wanapouza miche. Muuzaji alinishikia okidi moja kwa shingo kama anayeuza kuku. "Madam, nikupandie kwa nini? Iko makaa, iko maganda ya mti, iko ya nazi." Nikacheka mpaka akaniona sina adabu. Hakujua kwamba swali hilo ndilo lililotusumbua nyumbani kwetu Juba, miaka ile ya amani kabla ya kura ya uhuru, nikiwa msichana wa magoti yenye vumbi.

Wewe unanijua. Shule niliiacha mapema, na miji niliyolala ni mingi kuliko vitabu nilivyomaliza. Nimepika kambini kwa wajenzi wa barabara, nimeuza simu za mitumba, nimetunza nyumba ya wageni ambayo wageni hawakuja. Yako mengi nisiyoyajua. Lakini okidi ipandwe kwenye nini, hilo niulize mimi.

Okidi yetu ilikuwa ya bibi, mama yake mama. Aliiokota kwenye tawi lililoanguka huko Kitale, tulikokimbilia wakati wa vita, akaiweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia alilolitoboa kwa msumari, akalitundika barazani. Aliihudumia mwenyewe na hakuna aliyewahi kuchungulia ndani ya kopo. Miaka yote ile haikutoa ua hata moja. "Huyu anangoja kwao," bibi alikuwa akisema. "Mimi nikishindwa kurudi, mpelekeni yeye. Mpandeni kwenye udongo wa nyumbani."

Alishindwa. Alifariki kabla ya mkataba wa amani, tukamzika kule kule ugenini. Kwa hiyo siku ya kurudi ilipofika, mama alibeba nguo, sufuria, na kopo lile. Asubuhi ya safari alilikung'uta uani, yakamwagika magome ya mti na vipande vya makaa. "Takataka za ugenini zibaki ugenini," akasema, akaizungushia mizizi kitambaa kibichi. Mimi niliyatazama yale magome yakisambaa, nikashangaa bibi aliyaweka ya nini, lakini basi lilikuwa linapiga honi.

Juba tulishukia mtaa wa Hai Mauna, kwa mama mdogo. Huyu hakutoka mjini vita vyote. Alituona tukishusha mizigo, akaliona lile kopo na majani yake, akapiga makofi. "Nyinyi watu ya Kenya! Wengine iko leta televisheni, wewe iko leta majani. Hapa majani hakuna?"

Ningekupeleka kwenye ua ule, ungeupenda. Asubuhi jenereta za majirani zinakohoa, lori la maji linapita na watoto nyuma yake, na harufu ya kisra inatoka kwenye sahani ya chuma, ule mkate mwembamba wa mtama uliochachuka kidogo, ukisubiri mchuzi wa karanga. Kazi yangu ilikuwa kumenya karanga na kujaza zir. Zir ni mtungi mkubwa wa udongo, unakaa kivulini unatoka jasho, na maji yake ni baridi na yananukia mvua. Zir ya mama mdogo ilikuwa na ufa, ilivuja usiku kucha. Alikataa kuitupa. Aliweka beseni chini yake na mdomo wake juu ya yeyote aliyelalamika.

Wiki ya kwanza tu mama alikwenda Rejaf, alikozaliwa, akarudi na mfuko wa udongo wa kando ya mto, mweusi na mzito. Aliuchambua kwa vidole kama mtu anayechambua mchele wa sikukuu. Akaipanda okidi, akaimwagia maji, akakaa mbele yake mikono mapajani.

Majani yakaanza kuwa manjano. Mimi, unanijua, sikuweza kukitazama kitu kikiharibika bila kutaka kujua kinaharibikia wapi. Nikachimba kwa kijiko. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizoiva kupita kiasi, inanuka kama kitambaa cha kudekia.

"Wee! Acha kumfukua mama yangu!" Mama alinirushia kandambili, ikanikosa.

Ng'ambo ya ua tulikuwa na mpangaji Mkenya, mtu wa benki, ambaye kila jioni aliosha shati lake jeupe kama anayeogesha mtoto. Alisogea na povu mikononi. "Mama, pole, lakini hiyo kitu haitaki udongo. Kwetu inakaa juu ya mti. Mizizi inataka hewa."

"Wewe ni wa benki ama wa shamba?"

"Ni wa benki, mama. Lakini nilizaliwa shamba."

"Basi mamangu alisema udongo. Wewe hukumjua."

Hakumjua, lakini mmea ulikuwa unakufa mbele ya macho yetu, na mama aliliona hilo. Akakubali "kwa muda tu", akanikabidhi mimi kazi. Sijawahi kupewa kazi tamu kuliko ile. Nilikata yote iliyooza, nikaianika okidi kivulini, kisha nikaanza na maganda ya karanga, maana ndiyo tuliyokuwa nayo tele. Yalipendeza siku chache, halafu yakashikana kama uji na sisimizi wakahamia na familia zao. Nikaenda chini ya mlima Jebel, kwa wanawake wanaopasua mawe, nikaomba kokoto. Kokoto zilipitisha maji vizuri, lakini jua la adhuhuri lilizipasha moto mpaka ncha za mizizi zikakauka. Mwishowe mpangaji akasema jaribu makaa. Nikayapasua saizi ya kidole gumba, nikayaosha mara nyingi, nikayapanga yenye nafasi katikati. Mama akanyunyiza juu yake kiganja cha udongo wa Rejaf, asije akawa amevunja neno.

Na mzizi ukatoka! Mmoja tu, mweupe, ncha yake ya kijani. Mama alianza kuimba tena akifua.

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta wageni wa mama mdogo chini ya kivuli, wakiisifu chai yake ya tangawizi. Okidi ilikuwa imelazwa kwenye gunia, mizizi nje. Kopo lilikuwa tupu. Jikoni makaa yangu safi yaliwaka bila moshi hata kidogo.

Nilitegemea mama atapiga kelele. Hakupiga. Alisubiri wageni waondoke, kisha akakaa chini na nguo yake ya kanisani. "Nilimwacha mama kaburini peke yake," alisema. "Na hiki kidogo alichonipa nikilete, nacho nimeshindwa."

"Makaa ni makaa!" mama mdogo alijitetea. "Mimi ningejua vipi kama majani iko lala kwa makaa?" Halafu sauti yake ikabadilika. "Na usililia mama kwa mimi. Wewe ulikimbia na yeye. Ulikula na yeye, ulizika yeye. Mimi, niliachiwa nini? Zir."

Mama mdogo aliinuka, akachota maji yote ya zir akayatia kwenye ndoo, akailaza zir ubavu. Kisha akachukua mchi wa kutwangia. Mama akasema, "Dada, hapana," lakini mchi ulikuwa umeshuka. Mlio wake ulikuwa mnene, kama mtu anayefunga mlango mzito.

"Hii ni udongo ya Rejaf," alisema akihema. "Mama alibeba kwa kichwa yake, mimi bado mdogo. Alisema udongo ya nyumbani, si ndiyo? Khalas, basi. Weka."

Nilichambua vigae mpaka jua likazama, vikubwa chini, vidogo juu. Nikuambie sasa kwa nini vilifaa. Kigae hunywa maji na kuyaachia polepole, kama ile zir ilivyotoka jasho, lakini hakigeuki tope, na kati ya kigae na kigae hewa inapita. Ni udongo uliokwisha pita motoni. Mama alikinusa kigae kimoja, akakiweka mwenyewe juu kabisa. Safari hii hakunyunyiza kitu.

Okidi ilichanua kiangazi cha kura, tulipokuwa tunangoja kupanga foleni ya kuamua nchi. Maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui. Mama alimwita mdogo wake kabla ya kuniita mimi. Walikaa mbele ya kopo, mabega yamegusana.

"Karibu nyumbani, mama," mama akasema.

Mama mdogo akainama karibu na ua. "Mama, zir yako mimi ndiyo nilivunja. Usigombana."

Wakacheka mpaka wakalia.

Ua ule wa Hai Mauna haupo tena. Pamejengwa, na maji siku hizi hukaa kwenye plastiki na kunukia plastiki. Vita viliporudi mama alikimbilia Kenya mara ya pili, na mama mdogo, kama kawaida yake, akabaki. Nilimuuliza mama kama tubebe kopo. "Huyu amefika," alisema. "Hahami tena." Akapanda basi mikono mitupu, na mimi tangu siku hiyo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Muuza miche alikuwa bado ananingoja. "Basi nikupandie kwa nini, madam?"

Nikamwonyesha chungu kikuukuu cha udongo nyuma ya kibanda chake, nikamwambia akivunje. Aliniona nimechanganyikiwa, lakini pesa ni pesa. Akachukua jiwe, akapiga. Kwa mlio ule, katikati ya moshi wa magari, nikashikwa na kiu ya maji ya zir.