Mbuzi wa Mama Shija kwenye Mzani Wangu

Jamani, hata sasa mwili unanisisimka! Binti mmoja, afisa mifugo, alipima mbuzi wangu mmoja mmoja, akasema niwalishe mashudu ya alizeti, akirudi atawapima tena, ndipo mtaa mzima uamue kama nao ununue. Siku aliyorudi, mbuzi wangu walikuwa wametokomea bondeni kwenye mabua ya mahindi. Nikafanya tufanyavyo wageni wakija na viti havitoshi: nikaazima kwa jirani, Mama Shija. Kiti chake kimoja kiliwahi kunivunjikia, hajasahau, lakini mbuzi alinipa. Wanene kama ndama!

Majirani walipoona uzito wakapiga makofi, nami nikatunisha kifua.

“Babu, yule mwenye sikio lililopasuka yuko wapi?” binti akauliza.

“Mjukuu wangu, mbuzi si mbuzi tu?”

“Hapana, babu. Kila mbuzi namlinganisha na yeye mwenyewe, kabla na baada. Bila hivyo nitajuaje kama ni mashudu yaliyomnenepesha?”

Kabla sijajibu, Mama Shija akatokea kuwapeleka mbuzi wake majini, akapiga mluzi. Lahaula! Wote wakamkimbilia, na yule niliyemshika kwenye mzani akanichoropoka mikononi, watu wote wakitazama.