Nilivyotaka maputo ya Krismasi yainuke na kwaya hapa Toronto, nikaishia kunyamazishwa na mama mkwe

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Humu nimesoma nyuzi za watu waliokutana na majini barabarani, nikaona na mimi nilete ya kwangu. Haina jini hata mmoja, lakini ni ya kweli tupu. Kama kuna mtu alipita Malton, mtaa wa huku karibu na airport, Desemba ya 2016 akaona bwana theluji wa nguo amelala kifudifudi mbele ya nyumba, basi pale ndipo kwangu.

Kwa wasiojua, huku Krismasi watu hupamba nyumba kwa nje. Wenye wazimu zaidi, mimi nikiwemo, huunganisha taa na kompyuta ili ziwake na kuzima kufuata muziki.

Muziki haupigwi kwa spika, majirani wangeita polisi. Unaurusha kwa kimashine kidogo cha FM, mtu anakaa kwenye gari lake mbele ya nyumba, anafungua redio, anaangalia taa zinavyocheza.

Halafu kuna yale maputo makubwa ya nguo yenye feni ndani. Ukiwasha feni yanasimama, ukizima yanalala. Yangu yalikuwa matatu: bwana theluji, yaani sanamu la mtu wa theluji, na pengwini wawili.

Mimi kazi yangu ni kupakia mizigo airport. Umeme nimejifunza kwenye video za mtandaoni. Naomba mlizingatie hilo mnaposoma.

Sasa sababu ya yote.

Binti yangu Neema, miaka tisa wakati huo, amezaliwa hukuhuku. Kiswahili anakisikia chote, hasa ukiwa unamsema, ila anajibu kwa Kiingereza. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, yupo Same na Kiingereza hajui.

Kila Jumapili tukipiga simu, Neema akiitwa anakimbilia bafuni. Mimi naichukua simu, namjibia kila kitu. Shule nzuri, anakula vizuri, anakusalimia sana.

Siku moja mama mkwe akamuuliza mke wangu taratibu kama yule mtoto anamwonea kinyaa. Mke wangu alimaliza simu akaenda kulia jikoni. Iliniuma sana, maana haikuwa dharau, ilikuwa aibu. Mwaka uliotangulia Neema aliwasalimia wajomba zake "marahaba", wakacheka mpaka simu ikakatika. Tangu hapo hakutaka tena kuishika.

Nikaapa kwamba Krismasi ile bibi na mjukuu lazima wakutane.

Mpango ulikuwa hivi. Kanisani kwetu Neema anaimba kwaya ya watoto, na wanaimba Kiswahili kwa sababu mwalimu wao ni mama mmoja wa Bukavu asiyetaka mchezo. Nikarekodi wimbo wao. Taa zingecheza, na kwenye kiitikio bwana theluji na pengwini wake wawili wangeinuka. Bibi angeangalia kwa video na kumsikia mjukuu wake akiimba. Nikamwahidi mama mkwe, kwa maneno mengi kama kawaida yangu.

Jaribio la kwanza, nilichomeka feni kwenye channel za taa, zile zinazofifisha mwanga polepole. Wakuu, feni si taa. Iliguna, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, na pengwini mmoja akawa marehemu. Nikanunua relay, ambayo kazi yake ni kuwasha kabisa au kuzima kabisa.

Jaribio la pili, nikapanga feni ziwake na kuzima kwa kila pigo la ngoma. Bwana theluji alitetemeka chini kama mgonjwa wa malaria mpaka wimbo ukaisha, hata shingo hakuinua. Mke wangu alikuwa dirishani. Akaniuliza kama yule anahitaji dawa au maombi.

Ndipo nikapata akili ya kupima kwa saa. Puto linahitaji dakika moja na nusu kujaa. Kiitikio cha watoto kinafika sekunde ya ishirini.

Nikiwasha feni mapema, basi aliye kwenye gari anakaa dakika nzima kwenye ukimya, anadhani redio imekufa. Nikataka kurudia mwanzo wa wimbo mara nne. Mwalimu wa kwaya aliposikia akaniambia, "Papa Neema, wimbo yangu haina elastiki."

Aliyeniokoa ni jirani yangu Mzee Nizar, Mhindi wa Mwanza aliyehamia Canada miaka ya sabini na Kiswahili chake chote. Zamani alikuwa na duka la vifaa vya umeme. Alinikuta nimechuchumaa kwenye theluji na laptop, nikamweleza. Akanitazama kama vile mimi ni mteja anayerudisha balbu nzima.

"Wewe Mtanzania gani? Unaingia nyumbani kwa mtu unaanza kuimba tu? Salimia kwanza, bwana. Mpaka salamu za kwetu ziishe, hilo puto lako limesimama na chai limekunywa."

Nikaona ni kweli: salamu zisikike redioni wakati puto linajaa, kisha wimbo uanze.

Nikamwomba mama mkwe atume voice note ya salamu, dakika moja na nusu. Akatuma ya dakika saba. Alitusalimia mmoja mmoja kwa jina, akauliza kazi na baridi, akatoa taarifa ya mbuzi, ya mafua yake, ya paa la kanisa, akauliza tumekula nini. Katikati alikohoa mara mbili.

Kuikata rekodi nikamwachia Neema, kompyuta anaiweza kuliko mimi. Wiki nzima nikitoka kazini namkuta amevaa headphones, anarudisha, anasikiliza, anaweka alama: hapa feni ya kwanza, hapa ya pili. Sikutilia maanani. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa pengwini aliyebaki.

Siku ikafika. Tulifanya Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msicheke. Giza la jioni likiingia huku, Same wameshalala. Asubuhi hiyo huku bado ni giza, kule ni saa nane na nusu mchana.

Tupo ndani ya gari, Neema kiti cha mbele na simu, pajama chini ya koti, mama yake nyuma. Mzee Nizar alikuwa ametoka sala ya alfajiri, akaegesha nyuma yetu na kufungua redio. Video ikashika, mama mkwe akatokea, nusu ya paji la uso kama kawaida yake.

Nikabonyeza kwenye simu yangu, inayoiamrisha laptop iliyo gereji. Feni zikawaka. Taa hazikuwaka, na redio ikabaki inakoroma tu. Laptop ilikuwa imeganda.

Nikatoka mbio kwenda gereji, nikazima, nikawasha, nikanong'ona matusi ya Kipare niliyofundishwa na shemeji yangu. Haikuwezekana. Nikarudi kwenye gari nikiwa nimeandaa hotuba ya kumwomba mama mkwe radhi.

Nafungua mlango, mke wangu akanishika bega akanionyesha ninyamaze.

Neema alikuwa anaongea. Kwa lafudhi ileile ya Kipare ya bibi yake, neno kwa neno.

"Shikamoo Bibi. Mafua yamepungua? Mbuzi hawajambo? Na paa la kanisa limefika wapi? Nyinyi mmekula nini?"

Na katikati akakohoa mara mbili. Alidhani ni sehemu ya salamu.

Mama mkwe akaisogeza simu karibu na uso. Halafu akasema polepole, "Huyu mtoto anaongea kama mimi." Nikaona kitenge kinapanda kufuta macho.

Akajibu yote, moja moja. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye rekodi, baridi ya huko inamuuma wapi. Neema akakwama. Macho yakaanza kutafuta mlango, na mimi kwa mazoea nikafungua mdomo nimjibie.

"Baba Neema," mama mkwe akasema, "nimemuuliza yeye."

Wakuu, nilifunga mdomo. Tukasubiri. Nadhani ilizidi dakika moja na nusu.

"Pua," Neema akasema. "Pua, Bibi."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Wakaendelea kwa nusu saa, Neema akichomekea Kiingereza, bibi akijibu hivyohivyo kwa Kiswahili chake. Bwana theluji alikuwa amesimama wima muda wote na hakuna aliyemtazama.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka yote ile nilidhani namsaidia mtoto, kumbe nilikuwa namkalia mdomoni. Kila alipotaka sekunde kumi za kutafuta neno, mimi nilizijaza.

Sasa nawauliza ninyi mlio nje. Watoto wenu wanaongea na bibi zao, au mnaongea ninyi? Semeni ukweli, humu hakuna anayemjua mwenzake.