Mwaka Jua Lilipochelewa

Mume wangu wa kwanza alikuwa seremala wa milango. Nakshi zake zilisifiwa Bagamoyo nzima, lakini ukimuuliza anachokipenda hakutaja milango. Alitaja saa. Siku ya harusi yetu, mimi nimetoka Fukayosi na mguu wangu bado una vumbi la shamba, kitu cha kwanza alichonionyesha nyumbani kwake kilikuwa saa ya ukutani, yenye timazi inayoyumba, aliyoinunua Unguja.

"Inakawia dakika nne kwa siku," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza maradhi ya ndugu yake.

Nilicheka. Kwetu Fukayosi dakika nne hazikuwa kitu. Yeye hakucheka.

Walikuwa watatu wenye ugonjwa huo. Mmoja ni mume wangu. Wa pili ni sonara wa Kihindi, jirani yetu, aliyetengeneza pia saa za watu kwa koleo ndogo kama miiba. Wa tatu ni mwadhini wa msikiti wetu, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Yeye alianza kwa sababu ya kazi yake, maana lazima ajue jua limepinduka ndipo aadhini adhuhuri. Lakini baadaye ikawa si kazi tena, ikawa mapenzi.

Uani kwetu walisakafia mraba kwa chokaa, wakasimamisha kijiti cha mpingo katikati, wakachora mstari mwembamba kutoka kusini kwenda kaskazini. Kila siku jua likikaribia utosini walichuchumaa pale kama watoto wanaocheza, wakingoja kivuli kigonge mstari. Mwadhini alisema "Sasa!" na mume wangu akaandika saa zilisema nini. Zipo siku chache katika mwaka ambazo kijiti hakina kivuli kabisa adhuhuri, na siku hizo walikuwa na huzuni ya kweli, wakiniomba kahawa na kukaa kimya.

Mimi nilikaa nyuma ya pazia na kazi zangu. Nilivyoingizwa katika mambo yao ni hivi. Walitaka kujua chubwi, ile risasi wanayofunga wavuvi kwenye nyavu, ikining'inizwa kwa uzi na kusukumwa, inapiga mara ngapi kwa robo saa, kwenda pigo moja na kurudi pigo la pili. Walijaribu kuhesabu asubuhi nzima. Mmoja akifika mia mbili anakohoa, mwingine anaulizwa neno, hesabu inapotea, wanaanza upya. Mimi nilikuwa natwanga mpunga. Walipomaliza kulaumiana nikasema nyuma ya pazia:

"Mia tisa na kumi na moja."

Mume wangu akauliza, "Nani kasema?"

"Mimi. Nilikuwa nahesabu na mchi wangu."

Sonara alikuwa ametazama saa yake robo nzima. Walirudia, mara tatu, na mara tatu nilitoa hesabu ileile. Mwadhini akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mama," akaniambia, "sisi wanaume watatu tuna midomo mingi. Kuanzia leo mwenye hesabu ni wewe."

Toka siku hiyo pazia lilifunguliwa kidogo. Mume wangu aliuongeza ule uzi kidogo kidogo mpaka ukafika dhiraa mbili na vidole vinne, na hapo chubwi ilipiga mia tisa kamili kwa robo saa: kila pigo nukta moja, ile sehemu ya sitini ya dakika. Tulijaribu chubwi nzito na nyepesi, ikawa ni mamoja. Uzi ndio unaotawala. Sikuwahi kufikiri kitu kama hicho kinaweza kumfurahisha mtu, lakini kilinifurahisha. Nilikuwa binti wa mkulima na mke wa seremala, na nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyenishinda: nikisema namba, ndiyo hiyo. Mume wangu aliwaambia watu, "Mke wangu hakosei."

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Mtoto hatukujaliwa, na watu walisema, lakini uani kwetu hapakuwa na majonzi.

Kisha sonara akapata saa ya meli. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao, imening'inia kwenye pete za shaba ili isiyumbe chombo kikiyumba. Aliichukua Unguja akailinganisha na saa za manahodha wa meli za moshi, akarudi akasema kwa mwezi mzima haikupotea hata nukta kumi. Tuliizunguka kama watu wanaotazama mwana mchanga. Mume wangu aliogopa hata kuipumulia.

Saa hiyo ndiyo iliyotuharibia.

Wakati wa mvua za vuli kivuli kilifika mstarini dakika kumi na sita kabla saa ya meli haijafika sita. Tukasema sawa, ndivyo tulivyoitega. Lakini kaskazi ilipoanza, kivuli kikawa kinakawia. Kila siku kidogo, nusu dakika, nukta ishirini, kila siku. Kaskazi ilipokolea, jua lilikuwa limerudi nyuma karibu nusu saa nzima toka vuli. Sonara alifungua saa, akaisafisha, akaifunga, hakuona kosa. Tukapima kwa chubwi, mimi nikihesabu. Saa ilikuwa inakwenda sawasawa.

"Basi mstari umekosewa," akasema sonara.

Mume wangu akaupima mstari upya. Haukukosewa.

"Basi jua linachelewa," akasema mume wangu.

Mwadhini aliinua uso. "Jua la Mungu linachelewa? Halafu chuma cha baharia ndicho kinachosema kweli?"

"Sisemi nani mkweli. Nasema namba."

"Namba zako zisitoke nje ya ua huu," akasema mwadhini, na nilisikia kwamba hatanii.

Laiti zisingetoka. Lakini mume wangu alikuwa mtu ambaye akijua kitu hawezi kulala nacho. Siku moja, watu wanatawadha kwenye birika la msikiti, mwadhini akapanda kuadhini, mume wangu akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, kama mtu anayeelezea mvua: "Leo adhuhuri imechelewa dakika kumi na nne kwa saa ya meli."

Kijana mmoja akacheka. Mwingine akauliza kama sala zao za mwezi mzima zimepita wakati. Kufikia alasiri mji mzima ulikuwa ukisema kuwa mwadhini anachelewesha sala kwa sababu ya kikohozi chake, kwamba hawezi tena kupanda ngazi upesi.

Mwadhini alikuja kwetu siku ileile. Hakuketi.

"Umeniita mwongo mbele ya watu," alimwambia mume wangu.

"Wallahi sikukuita mwongo. Wewe unafuata jua, na jua ndilo—"

"Miaka ishirini na mbili naadhini. Leo vijana wanahesabu ngazi ninazopanda." Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, ndiye uliyehesabu."

Nilitaka kusema neno. Nilijua kwamba hakukosea yeye wala sikukosea mimi, lakini sikujua namna ya kusema vitu hivyo viwili kwa pamoja. Akatoka, na hakuingia tena nyumbani kwetu. Mume wangu alikwenda kumwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa shekhe amelala. Mara ya pili hakuambiwa kitu, mlango haukufunguliwa.

Mambo ya dunia yakaja juu ya yetu. Vita vya watu wa pwani na Wadachi vilipoanza, sonara alifunga duka, akapanda chombo kwenda Unguja na saa yake ya meli akiwa ameipakata. Alituahidi barua. Sisi tulingoja, kwa kuwa mume wangu alisema vita ni vya siku tatu. Mizinga ilipopiga mji na paa za makuti zikaanza kushika moto, tukakimbia na watu wengine kuelekea bara, kwa wazee wangu. Mimi nilibeba mchele na vyombo. Mume wangu alibeba saa ya ukutani mgongoni, imefungwa kwa kanga zangu mbili.

"Beba blanketi," nilimwambia.

"Blanketi tutaazima kwa baba yako. Saa tutaazima kwa nani?"

Tulipovuka mto Kingani mtumbwi ulikuwa umejaa watu kupita kiasi. Ukainama, maji yakaingia, sote tukalowa mpaka kifuani. Saa ililia mara moja ndani ya kanga, ikanyamaza. Siku tatu tulikuwa porini na nguo mbichi, kwa sababu njia ilikuwa na watu wenye bunduki na hatukujua ni wa nani. Tulipofika Fukayosi mume wangu alikuwa anatetemeka.

Kilikuwa kichomi. Mama alimpaka mafuta, akamfukiza majani, mganga akaja, kisha mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kumsomea. Yeye alichotaka ni kimoja. Kila alipopata nafuu kidogo aliniomba nitundike chubwi kwenye boriti. Ile chubwi aliitia mfukoni siku tuliyokimbia. Nikatafuta uzi, nikaupima kwa mkono wake mwenyewe, dhiraa mbili na vidole vinne.

"Nihesabie pumzi," alisema. "Mapigo sitini ya chubwi, pumzi ngapi?"

Siku ya kwanza zilikuwa thelathini na nne. Nikamwambia. Akaniuliza zangu ni ngapi, nikahesabu, kumi na nane. Akafikiri. "Mbali bado," akasema, kama anayezungumzia saa inayokwenda mbele na inayohitaji kurekebishwa taratibu. Siku ya pili arubaini. Nikamwambia. Akageukia ukutani. Mama alinivuta nje kwenye jua, akanishika mikono.

"Mwanangu, unamwambia nini mgonjwa?"

"Namwambia kweli, mama."

"Kweli hiyo ni ya nani?"

Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa amekaa akiegemea gunia la mpunga kwa kuwa hakuweza tena kulala chali. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Akanyoosha kidole kuelekea chubwi. Nikaisukuma. Nilihesabu mapigo sitini, na pumzi zake nilizihesabu, zilikuwa fupi, za juu juu, kama za mbwa aliyekimbia. Zilikuwa hamsini na moja.

"Ngapi?"

"Ishirini na mbili," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilishika uso wangu usiseme kitu. Tangu nihesabu kwa mara ya kwanza nyuma ya pazia sikuwa nimetoa namba nisiyoiona.

"Ishirini na mbili," alirudia. Halafu akatabasamu. "Basi niletee uji."

Nilimletea, akanywa vijiko vinne. Mpaka leo sijui kama aliniamini, au kama alitabasamu kwa ajili yangu, kwa kuwa alijua mkewe hakosei na kwa hiyo alijua anadanganywa. Nimeligeuza jambo hilo kila upande. Alifariki siku hiyohiyo, alasiri, mimi nikiwa nimekwenda kisimani. Walinikuta njiani kunieleza.

Nilikuwa katika eda, tanga limekwisha, mwezi mmoja umepita, mama aliposema kuna mgeni nje. Nilisikia kikohozi kabla ya sauti. Mwadhini alikuwa amekimbilia kwa nduguze Kerege, na kutoka huko alikuwa ametembea hadi Fukayosi, kwa njia ambazo vijana wenye nguvu walikuwa wakiziogopa. Waliweka mkeka nje ya mlango, mimi nikakaa ndani.

"Shikamoo shekhe."

"Marahaba, mama. Mungu amrehemu. Nimesikia nikiwa njiani. Nilikuja kuzungumza naye. Sikuja matangani."

Akanieleza. Kabla ya vita alikwenda Unguja kwa dawa ya kifua, na huko alimuuliza shekhe mmoja mjuzi wa elimu ya falaki habari za jua linalochelewa. Yule shekhe hata hakushangaa. Akamwambia jambo hilo limo vitabuni tangu zamani: adhuhuri ya jua na adhuhuri ya saa hazifuatani mwaka mzima, mara hii inatangulia, mara ile, na manahodha wana jedwali lake. Anayeadhini kwa jua hajakosea. Mwenye saa naye hajakosea.

"Ulijua hayo lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya mvua za masika."

"Na hukuja."

"Niliona haya. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Kisha mji ukaungua."

Nilikasirika hata meno yakagongana. Nikamwambia mume wangu alisimama mlangoni kwake mara mbili. Nikamwambia kwamba miezi yote ile, kila adhuhuri, alikwenda uani peke yake akichuchumaa, na hakuwa na mtu wa kumwambia "sasa." Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Nilimsikia analia na kukohoa kwa pamoja, mzee mzima, na majirani wanasikia.

Nilipotulia nikamweleza habari ya pumzi. Nikamuuliza kama nina dhambi, na kama ipo kafara.

"Ningekuwa mwadhini wa jana ningekujibu," akasema. "Leo sijui, mama. Wallahi sijui."

Alisoma fatiha, akakataa chakula, akaenda. Mwaka uliofuata tulisikia amekufa hukohuko Kerege. Sonara hakuandika barua.

Eda ilipokwisha sikurudi mjini. Kaka yangu alinioza kwa mkulima wa jirani, mtu mwema, anayeamka na jogoo na kulala kunapoingia giza, na tukajaliwa binti wawili. Walipofika umri wa kuuliza, walitaka kujua mume wangu wa kwanza alikuwa mtu gani. Nikawaambia alikuwa seremala wa milango, mkono wake ulisifiwa. Saa sikuzitaja. Waliridhika na hilo, wakaenda kucheza.