Sabuni Aliyoikumbuka Mama

Kaka yangu ni mkurugenzi wa kampuni ya matangazo, na kila mwezi hujipigia debe kwenye jarida linalosomwa na wenzake wa kazi hiyo. Safari hii aliandika kwamba mama yetu, ambaye kumbukumbu zimeanza kumpotea, amemsahau hata mwanawe, lakini sabuni aliyoitangaza mwanawe huyo bado anaijua. Wenzake wakammwagia sifa.

Jumapili alipokuja kumwona mama, nilimtupia jarida mapajani. "Haya, msomee mwenyewe!"

Akaanza kusoma. Alipofika pale pa kusahauliwa, sauti ikawa kama ya mbu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Maskini, mama wa watu," akasema. "Amsahau mtoto wa kumzaa!"

Kaka akalikunja jarida, akalikunja tena, macho sakafuni.

Mama akamshika mkono. "Usihofu, Chiriku wangu," akamwita kwa jina la utotoni, alilompa kwa kupenda kwake kusema. "Wewe siwezi kukusahau." Akafikiri kidogo. "Ila hiyo sabuni ndiyo ipi?"

Kaka, aliyeitangaza nchi nzima, akashindwa kuitaja.