Kiatu Kando ya Kitunguu

Mama Bambo ukimwuzia maji atakuuliza kama yamelowa. Usimlaumu, ndiyo kazi iliyomlea. Mwaka wa ishirini na sita huu anasimama kwenye mlango wa ghala la jumla, daftari kwapani, na mkononi ana bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili nafaka ya katikati itoke ijieleze. Huwezi kumwonyesha mchele mzuri wa juu ukamficha chenga za chini. Madereva wamejaribu mpaka wamechoka. Wao ndio waliompa jina, na jina likamfuata hadi nyumbani, kiasi kwamba hata mumewe akikasirishwa humwita hivyo hivyo.

Lakini huyu anayechoma magunia ya watu alikuwa na gunia lake mwenyewe ambalo hakutaka liguswe, nalo ni miguu yake. Mama Bambo anavaa kiatu namba arobaini na tano. Yaani angevaa, kama vingekuwepo. Viatu vya kike katika maduka ya mjini huishia arobaini na mbili, na ukizidi hapo muuzaji anakutazama kana kwamba umemwulizia kitu cha wizi, halafu anakuelekeza kwa sauti ya kusikiwa na duka zima: "Vya kiume viko upande ule, mama." Basi siku za kazi anavaa buti za kiume, na pale ghalani hakuna anayeshangaa. Siku za shughuli anajibana kwenye arobaini na mbili iliyopanuliwa na fundi, anakaa mstari wa nyuma, na miguu anaivuta chini ya kiti. Picha zake zote zilizotundikwa sebuleni zinaishia magotini. Ukienda kwake kagua.

Angeishi na hilo mpaka mwisho bila kulalamika, maana uvumilivu anao. Shida ni kwamba kitinda mimba wake alirithi miguu ileile.

Binti huyo alikuwa anamaliza chuo cha upimaji ardhi katika mji wa mbali, na alikuwa ameongoza darasa zima kwa kazi za uwanjani. Siku ya mahafali angeitwa peke yake jukwaani kupokea tuzo. Barua ya chuo ilieleza kwamba wahitimu wa kike wavae viatu vyeusi vya kike vyenye kufunika vidole. Binti akapiga simu, sauti kavu.

"Mama, sitakwenda. Cheti nitakifuata ofisini wiki ya pili yake."

"Na tuzo?"

"Wataniwekea."

"Kisa nini?"

"Kisa unakijua, mama."

Alikijua. Mwaka wa kwanza binti alipanda jukwaa hilohilo kusoma shairi, amevaa viatu vya kaka yake, na mtu mmoja wa mstari wa mbele akasema kwamba mitumbwi imetia nanga. Ukumbi ukaangua kicheko. Binti akacheka nao, na tangu siku hiyo hajapanda jukwaa lolote. Mama Bambo aliweka simu mezani, akakaa jikoni, na moyo ukamuuma kwelikweli. Zilibaki wiki tisa.

Mumewe ni fundi wa majokofu, mtu mpole, wa kuamini kila anachoambiwa. Alijifuta mikono akasema, "Si kuna maduka ya mtandaoni? Huko ng'ambo miguu ipo ya kila aina, na mzigo wanatuma."

"Baba watoto, na wewe unalisema hilo?"

Akanywea, maana ana historia. Miaka minne nyuma alitaka kumfurahisha mkewe, akamwagizia viatu kwa siri kutoka duka la ng'ambo alilolipenda kwa kuwa lilikuwa na picha ya kina mama wanaocheka. Boksi likafika. Ndani mlikuwa na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Alipoliandikia duka, duka lilikuwa limeshayeyuka. "Angalau mguu wa kushoto walipatia," alisema, na kwa maneno hayo alinuniwa siku tatu.

Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Bambo akaiinamia simu. Kila akitoka kazini anaketi, anavaa miwani, anafungua daftari lilelile la ghala kwa nyuma na kukagua maduka. La kwanza lilimwapia kwamba zimebaki jozi mbili tu, na saa ikawa inahesabu kurudi nyuma. Hakuigusa. Asubuhi akalifungua tena, akakuta jozi mbili bado zipo na saa imeanza upya. Akaandika: mwongo. La pili lilikuwa na wateja mia tatu waliolimwagia sifa, wote Jumanne moja. "Hiyo Jumanne huko kwao hakuna aliyekwenda kazini," akasema, akalikata. La tatu halikuwa na anwani wala simu, lilikuwa na picha ya ua. La nne lilikuwa safi, la kuaminika, lina anwani, simu inapokewa, kurudisha mzigo kunaruhusiwa, na alipofika mstari wa mwisho likamwomba radhi kwamba halitumi mzigo nchini kwake.

Kilichomkera hasa ni kwamba picha haichomeki. Gunia ungelitia bambo likajieleza, lakini picha ya kiatu utaitia nini? Yuko jikoni, macho yanamtoka machozi kwa kukata vitunguu, ndipo wazo likamjia. Akaosha mikono, akayaandikia maduka yote aliyobakiza, ujumbe mmoja, simu ikaufasiri: "Nimeona kiatu chenu. Naomba mkipige picha nyingine leo, kikiwa kando ya kitunguu."

"Kitunguu cha nini?" mumewe akauliza.

"Nyumba yoyote yenye watu ina kitunguu. Na tapeli amejiandaa kwa maswali yote, ila la kitunguu hajajiandaa."

Majibu yakaanza kuja. Duka moja lilimrudishia picha ileile ya mwanzo, kana kwamba kitunguu atakiona mwenyewe akikaza macho. Jingine lilituma kitunguu peke yake, bila kiatu, kitunguu kizuri kwa kweli. Jingine likamwambia awe na adabu. Jingine likabandika kitunguu kwa ufundi wa kompyuta, kikubwa kuliko kiatu, na Mama Bambo akasema kitunguu hicho kingelisha ghala zima na madereva wake. Zikabaki wiki tano.

"Mwisho wa yote utajikuta umeagiza vitunguu," mumewe akamtania, akasogea mbali kidogo kwa usalama.

Kisha likaja jibu la kakiwanda kadogo ka ndugu wawili, dada na kaka, watu wazima, wanaoshona viatu chumba cha chini ya nyumba yao. Kwenye picha kiatu cheusi chenye kisigino kifupi kimekaa juu ya meza yenye mikwaruzo, na kando yake kuna nusu ya kitunguu. Nusu nyingine, wameandika, tayari iko kwenye sufuria. Mama Bambo akacheka, kicheko cha kwanza tangu ile simu ya binti.

Lakini ujumbe ulikuwa na mkia. "Na sisi tunakuomba. Hatuuzi kwa namba, maana wengi wanakisia, kisha viatu vinarudi na safari ni ndefu. Mwenye mguu aukanyagishe kwenye karatasi, mtu auzungushie kalamu, kisha upigwe picha hapohapo juu ya karatasi. Kando yake mweke kitunguu, ili nasi tujue kwamba mpo."

Mumewe alicheka hadi akashika ukuta. "Mkuki kwa nguruwe," akaanza, hakumalizia.

Mama Bambo hakucheka. Siku mbili alilizunguka lile ombi kama kuku anayezunguka kamba akidhani ni nyoka. Cha kufanya kilikuwa wazi, ampigie binti amwombe mchoro. Akajiambia hapana, asije mtoto akatumaini bure. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba aliona haya. Tangu binti afike miaka kumi na miwili, yeye na mama yake hawajawahi kulitaja neno mguu. Isitoshe, arobaini na tano si arobaini na tano? Miguu ni ileile. Akafunga mlango wa jikoni, akavua buti, akakanyaga karatasi, na mumewe akapiga magoti na penseli.

"Tulia, bibie. Ukitekenyeka hivyo penseli itateleza."

"Zungusha, usiongee."

Akaweka kitunguu, akapiga picha, akaandika: "Huu ni mguu wa binti yangu, ana miaka ishirini na miwili."

Kesho yake wakamjibu. "Tunashukuru kwa kitunguu. Ila mguu huu si wa mtu wa miaka ishirini na miwili. Kidole kidogo kimemlalia mwenzake, na mfupa wa kidole gumba umesukumwa nje. Huu ni mguu uliobanwa miaka mingi sana. Tukishona kwa mchoro huu, viatu vitampwaya binti yako huku na kumbana kule. Tutumie mguu wake wa kweli. Bila huo hatuuzi."

Aliusoma mara ya pili amesimama. Miaka ishirini na sita anawafumania watu wanaofunika chenga kwa mchele, na leo kafunika yeye, kafumaniwa na watu wasiomjua, walio ng'ambo ya bahari, kwa picha moja. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikipita baharini. Kwanza alikasirika. Akaenda akafagia jikoni palipokwisha kufagiwa. Kisha, ufagio mkononi, akaliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika kazi yake yote, muuzaji anayekataa kuuza.

"Hawa ndio," akamwambia mumewe.

"Wamekufukuza, unasema hawa ndio?"

"Ndiyo maana."

Akampigia binti, na hakuzunguka tena.

"Mwanangu, nataka mguu wako."

"Mama, nani kataja habari za miguu?"

Akamweleza yote, saa inayohesabu, ile Jumanne, nusu ya kitunguu iliyoko sufuriani. Binti akacheka. Kisha mama akafika kwenye sehemu ngumu, akaisema nayo, kwamba alituma mguu wake mwenyewe akasema uongo, na kwa nini. Binti akaacha kucheka.

"Kumbe na wewe unaona aibu ya yako," akasema taratibu. "Mimi siku zote nilidhani unaona aibu ya yangu. Kila tulikokwenda unaninong'oneza, vuta miguu, ingiza chini ya kiti."

"Nilikuwa nakukinga, mwanangu."

"Najua sasa. Nilikuwa sijui."

Mama Bambo alilia, si kidogo, na binti akamsubiri kwenye simu mpaka akamaliza. Hilo la kumfundisha mtoto kujificha lilimchoma kuliko mitumbwi yote ya dunia.

Kesho yake picha ikafika. Mpima ardhi ni mpima ardhi tu. Mguu ulikuwa umekanyaga karatasi ya miraba, vipimo vimeandikwa pembeni, mshale wa kaskazini umeelekezwa kwenye kidole gumba, na kitunguu kimewekwa kwenye kona na kuandikwa "jiwe la mpaka". Vidole vyote vitano vilikuwa vimenyooka, kila kimoja kimekaa kwake bila kugombana na jirani. Mama Bambo aliitazama picha ile muda mrefu. Kumbe mguu ule, usipobanwa, ndivyo unavyokuwa.

"Ni mzuri," akasema.

"Nimelisema hilo miaka thelathini," mumewe akajibu, "sema bambo lako halikuniamini."

Viatu vilifika zikiwa zimebaki siku nne. Karani wa kaunta ya mizigo alimsihi akafungulie nyumbani, watu wamepanga mstari. Mama Bambo akafungulia palepale. Akachana gundi, akatoa kimoja, akakikunja, akakinusa, akaingiza mkono hadi kwenye ncha, akatoa cha pili, akaviweka sambamba juu ya kaunta.

"Kulia," akasema kwa sauti. "Kushoto."

"Ulitaka viweje, mama?" akauliza karani.

"Wewe hujui tulikotoka," akasema, akatia sahihi.

Siku ya mahafali jina la binti likaitwa. Akapanda ngazi, visigino vikagonga mbao za jukwaa ko, ko, ko, bila haraka. Hakuna aliyecheka. Kusema kweli hakuna hata aliyeitazama miguu yake, isipokuwa mtu mmoja mstari wa pili, mwanamke aliyevaa gauni lililopigwa pasi na buti za kazini zilizong'arishwa, miguu kainyoosha mbele yake, kiasi kwamba waliopita walilazimika kumwomba radhi. Alipiga makofi mpaka mumewe akamgusa kiwiko.

Nje, mpiga picha aliwapanga watatu ukutani, akainua kamera.

"Rudi nyuma kidogo," Mama Bambo akamwambia.

Akarudi hatua.

"Bado. Rudi mpaka miguu iingie."

Akarudi mpaka kisogo kikagusa mti. Binti akamwangalia mama yake, kisha, pale pale mbele ya watu, akavuta sketi juu kidogo, viatu vikaonekana vizuri. Mama Bambo akafungua mkoba wake, akatoa kitunguu, akainama, akakiweka chini, katikati ya buti zake na viatu vya mwanawe.

"Sasa piga," akasema. "Kuna watu ng'ambo wanasubiri hii."